Masisi–Walikale: Kabla ya kusema pompi imekufa, angalia mazutu na kalaji

Kwenye barabara ya Sake, Masisi na Walikale, kamio likizimika katikati ya mlima neno la kwanza huwa lile lile: pompi imekufa. Pompi ya injeksio inafunguliwa pembeni ya njia, mwenye gari anapigiwa simu atume pesa, na pompi nyingine ya okazio inatafutwa mjini. Gari linawaka, safari inaendelea. Wiki chache baadaye moshi mweusi umerudi, nguvu imepungua, na mwenye gari anaambiwa anunue pompi tena.

Lakini pompi haifi bure. Nyingi zinaliwa polepole na maji na uchafu uliomo ndani ya mazutu. Nyingine ni nzima kabisa, ila zinarusha mazutu mapema mno au kwa kuchelewa. Katika hali hizo zote mbili, kubadilisha pompi bila kutafuta sababu ni kutupa pesa matopeni.

Tena si pesa tu zinazopotea. Kwenye makamio mengi freni zinasaidiwa na hewa, na hewa hiyo inapigwa na kompresa inayozungushwa na moteri. Moteri ikizimika kwenye mteremko, hewa iliyobaki ndani ya matangi inatosha kukanyaga freni mara chache tu. Juu ya magunia kuna abiria. Gari likizimika jioni ndani ya msitu, abiria hao wanalala njiani katika eneo ambako watu wenye silaha hawakosekani. Likizimika ndani ya shimo la matope, makamio yote ya nyuma yanasimama, ndizi zinaiva, samaki wanaoza, na bei ya chumvi na sabuni inapanda kule mbele.

Kwa nini moteri za zamani bado zinapendwa

Kati ya makamio yanayojulikana sana katika njia hii ni Mitsubishi Fuso zilizotumika kwanza Japani, zenye moteri za silinda 6 kama vile 6D14, 6D15 na 6D16. Kuna pia Mercedes-Benz za zamani zenye moteri OM 352, nayo ya silinda 6. Umri wao si siri, lakini wenye magari wana sababu ya kuzishikilia.

Moteri za kisasa zinarusha mazutu kwa amri ya kompyuta. Waya moja ikilowa au kipimo kimoja kikikosea, gari linaweza kukataa kuwaka, na bila mashine ya kusoma makosa fundi atabaki akikisia. Moteri ya zamani haina kompyuta. Pompi yake ni chuma kitupu: inazungushwa na gia za moteri, inasukuma mazutu, na fundi mwenye funguo, mikono safi na akili iliyotulia anaweza kuitengeneza mbali na mji. Kwa gari linalotoka Masisi kwenda Walikale, hiyo ni faida kubwa.

Lakini urahisi huo ndio unaowadanganya wengi. Kwa kuwa pompi inaweza kufunguliwa na yeyote mwenye ufunguo, inafunguliwa na yeyote mwenye ufunguo.

Ndani ya pompi kuna nini

Katika moteri ya mazutu hakuna bujii ya kuwasha moto kama kwenye moteri ya esansi. Pistoni inabana hewa kwa nguvu hadi hewa inapata joto linalopita digrii 500. Wakati huo ndipo mazutu yanarushwa ndani, na yanawaka yenyewe kwa sababu ya joto hilo.

Kazi ya pompi ya injeksio ni kupima kiasi cha mazutu, kukisukuma kwa nguvu, na kukifikisha kwenye silinda inayostahili kwa wakati wake. Kwenye pompi ya mstari, ile yenye vichwa sita vya tuyo vilivyojipanga, kila silinda ina elementi yake: pistoni nyembamba ya chuma inayopanda na kushuka ndani ya ala yake. Chini kuna mhimili wenye nundu unaozisukuma elementi kwa zamu. Juu ya kila elementi kuna klape ndogo inayozuia mazutu kurudi nyuma. Pembeni kuna kremayeri, yaani chuma chenye meno kinachozigeuza elementi zote pamoja ili zipime mazutu mengi au machache. Mwisho wa pompi kuna regilateri, inayoizuia moteri isikimbie kupita kiasi.

Kati ya pistoni ya elementi na ala yake kuna nafasi ya mikroni 2 hadi 4 hivi. Unywele wa mtu una unene wa karibu mikroni 70. Hakuna jwenti ya mpira ndani humo. Kinachozuia mazutu yasivuje ni ule ulinganifu wa chuma kwa chuma, na kinacholainisha elementi ni mazutu yenyewe. Kutoka hapo mazutu yanapita kwenye tuyo ngumu hadi kwenye injekteri, ambayo katika moteri nyingi za zamani inafunguka kwa mgandamizo wa karibu bari 200. Tairi la kamio lina bari 7 au 8.

Fikiria basi chembe moja ya mchanga wa Sake inapoingia mahali pasipoweza kupita hata sehemu ya kumi ya unywele. Inakwaruza elementi. Mkwaruzo unavujisha mazutu. Silinda hiyo inapata kidogo kuliko wenzake, moteri inatetemeka, na kuwaka asubuhi kunakuwa vigumu.

Teknolojia hii ina karibu miaka mia moja. Kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza pompi za aina hii mwaka 1927. Mwaka 1939 kampuni ya Diesel Kiki iliundwa Japani, ikatengeneza pompi kwa ruhusa ya Bosch, na mwaka 1990 ikabadili jina kuwa Zexel. Ndiyo sababu pompi ya Fuso inaweza kuwa na jina Diesel Kiki au Zexel kwenye kibandiko chake, huku umbo lake likifanana sana na la Bosch iliyo kwenye Mercedes ya jirani. Kufanana huko kunaleta matatizo tutakayoyaona.

Kalaji: saa ya kurusha mazutu

Kalaji ni kulinganisha pompi na moteri ili mazutu yaanze kurushwa pistoni ikiwa imekaribia kufika juu. Mazutu hayawaki palepale yanapoingia, yanahitaji muda mdogo wa kuchanganyika na hewa ya moto. Kwa hiyo yanarushwa kidogo kabla pistoni haijafika kileleni. Hicho kidogo kinapimwa kwa digrii za mzunguko wa vilebrekeni, na kila moteri ina namba yake, iliyoandikwa na kiwanda kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha moteri.

Moteri ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, digrii moja ni sehemu moja ya 12,000 ya sekunde. Pompi inazunguka nusu ya mwendo huo, mara 1,000 kwa dakika, na elementi sita zinarusha mazutu mara 6,000 kwa dakika. Kosa dogo la digrii nne au tano linarudiwa mara mia moja kila sekunde, mlima mzima.

Kalaji inapotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni buloni zinazoshika pompi au kaplingi yake kulegea kwa mitikisiko ya barabara mbaya. Ya pili ni kuchakaa kwa gia na nundu za mhimili baada ya miaka mingi. Ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi: pompi ilitolewa, ikarudishwa bila kufuata alama. Tuseme gia ya pompi ina meno 60. Ukikosea jino moja tu, pompi imehama digrii 6, na kwa kuwa vilebrekeni inazunguka mara mbili ya pompi, kosa ni digrii 12. Moteri inaweza kuwaka hivyo hivyo, lakini itaugua.

Kuna pia kosa la mzunguko mzima. Pistoni ya silinda ya kwanza inafika juu mara mbili: mara moja ikiwa inabana hewa, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Fundi akilinganisha pompi na ile mara ya pili, moteri haitawaka kabisa. Itatoa moshi mweupe kwenye bomba hadi betri iishe nguvu. Dawa ni kufungua kifuniko cha supapu na kuhakikisha kwamba supapu zote mbili za silinda ya kwanza zimefungwa, zikiwa na ulegevu kidogo.

Shingo ya bata

Njia ya zamani ya kupima kalaji haihitaji umeme. Mafundi waliojifunza kwa Kifaransa wanaiita col de cygne, kwa sababu inatumia tuyo fupi iliyopindwa kama shingo ya bata.

Fundi anatoa tuyo ya silinda ya kwanza kwenye pompi, anaondoa klape na springi yake, anarudisha kifuniko, kisha anafunga ile tuyo iliyopinda. Kremayeri inawekwa mahali pa kutoa mazutu, isiwe kwenye kuzima. Anasukuma pompi ya mkono, na mazutu yanatiririka kutoka kwenye shingo. Mwenzake anazungusha moteri polepole kwa mkono, kuelekea upande wake wa kawaida wa kuzunguka. Pistoni ya elementi inapopanda na kufunga tundu la kuingizia mazutu, mtiririko unapungua na kuwa tone kwa tone. Hapo ndipo injeksio inaanza. Moteri inasimamishwa, na digrii zinasomwa kwenye puli ya mbele au kwenye volani ya nyuma.

Namba ikilingana na ya kiwanda, pompi iachwe ilipo na ugonjwa utafutwe pengine. Isipolingana, buloni za pompi zinalegezwa, pompi inasogezwa kidogo, na kipimo kinarudiwa. Upande wa kuisogeza unategemea upande pompi inakozunguka, kwa hiyo asiyejua asikisie. Mwisho klape na springi vinarudishwa, hewa inatolewa kwenye tuyo, na alama mpya inachorwa kwa patasi ndogo ili fundi atakayefuata asianze upya.

Kazi yote hii inaweza kumalizika kabla ya jua kuzama. Gharama yake kubwa ni uvumilivu.

Moshi unasema nini

Dereva anayejua kusoma moshi anaweza kujisaidia kabla hajamwita fundi.

Moshi mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa. Kabla ya kulaumu pompi, tazama filtri ya hewa: vumbi la kiangazi kati ya Sake na Mushaki linaweza kuiziba. Tazama pia injekteri zinazodondosha badala ya kupulizia.

Moshi mweupe wenye harufu kali ya mazutu ni mazutu yasiyowaka: kalaji imechelewa, au kuna maji ndani ya mazutu, au silinda haibani vizuri. Kalaji iliyochelewa inaleta pia kuwaka kwa shida, nguvu kidogo na moteri kuchemka mlimani.

Moshi wa rangi ya bluu ni oili inayoungua. Hapo tatizo ni segimenti au supapu, na pompi mpya haitasaidia chochote.

Mlio mkavu kama nyundo juu ya chuma, hasa moteri inapobeba mzigo, unaonyesha mara nyingi kalaji iliyotangulia mno. Madereva wengine wanaupenda wakidhani ndiyo nguvu. Ukweli ni kwamba mazutu yanalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na kila pigo linaangukia kichwa cha pistoni, kusineti na jwenti ya kilasi. Moteri iliyopasuka hivyo inagharimu mara nyingi zaidi ya kalaji.

Milima ya Masisi ina hesabu yake

Barabara hii inaanzia kando ya Ziwa Kivu, kwenye karibu mita 1,460 juu ya bahari, inapanda milima ya Masisi inayopita mita 2,000, kisha inateremka hadi msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000. Kwenye mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani ya Mombasa. Pompi nyingi za zamani hazina kifaa cha kujua urefu wa mlima. Zinapeleka mazutu yale yale wakati hewa ni pungufu, na sehemu inatoka kama moshi.

Kwa hiyo moshi kidogo kwenye kilele si lazima uwe ugonjwa, ukiisha gari linapoteremka upande wa Nyabiondo. Kosa ni kutafuta nguvu mlimani kwa kugeuza skrubu ya kiasi cha mazutu, ile iliyofungwa kwa risasi na kiwanda. Mazutu yanaongezeka, hewa haiongezeki. Joto la moshi linapanda, pistoni zinaungua, na oili inachafuka haraka. Dereva anasikia gari limechangamka kwa wiki mbili, na mwenye gari analipa mwaka mzima. Risasi iliyokatwa bila maelezo ni sababu tosha ya mwenye gari kuuliza maswali.

Bidoni ndiyo inayoua

Nje ya mji mkubwa, mazutu yananunuliwa kwa bidoni. Yamesafiri kutoka bandari za Mombasa au Dar es Salaam, yamehamishwa mara nyingi, na mvua za Kivu hazichagui mfuniko. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yanakaa chini, mahali hasa tangi linapofyonzwa. Yakifika ndani ya pompi yanaleta kutu. Kremayeri yenye kutu inaweza kukwama ikiwa wazi, na moteri ikakimbia yenyewe bila kusikiliza pedali.

Hatari nyingine ni mazutu yaliyochanganywa na petroli ya taa ili yaongezeke. Petroli ya taa inawaka, lakini hailainishi chuma kama mazutu, na elementi zinasagana.

Kinga yake ni ya bei ndogo. Acha bidoni itulie usiku mzima bila kutikiswa, na mazutu ya chini kabisa yasimiminwe kwenye tangi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua buloni ya chini ya tangi na ya dekanteri, utoe maji mpaka mazutu safi yaonekane. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, kwa sababu tangi tupu linavuta unyevu wa usiku. Badilisha filtri ya mazutu kwa wakati, na usiitoboe hata siku moja ili gari lifike. Filtri moja ni bei ndogo sana mbele ya elementi sita.

Piesi: namba kabla ya umbo

Pompi ikiwa imechakaa kweli, piesi sherti zitafutwe kwa namba iliyo kwenye kibandiko chake. Elementi mbili zinaweza kuonekana pacha, kumbe moja ina kipenyo kikubwa zaidi au mkato wake umeelekea upande mwingine. Klape nazo zinatofautiana. Kuchanganya elementi za zamani na mpya ndani ya pompi moja kunafanya silinda zipate mazutu yasiyolingana. Pistoni ya elementi na ala yake ni ndoa: ukibadilisha kimoja, badilisha vyote viwili. Na pompi iliyobadilishwa elementi inapaswa kupita kwenye meza ya kupimia, ambako kila kichwa kinapimwa kama kinatoa sawa na vingine. Kazi hiyo haifanyiki pembeni ya njia.

Vita vimeongeza ugumu. Januari 2025 M23 iliteka Masisi-centre, kisha Sake na Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi ikaingia Walikale-centre, na mapema Aprili ikajiondoa. Kwa aliye Walikale, barabara ya kitaifa namba 3 inaelekea Lubutu na Kisangani upande mmja, Hombo na Bukavu upande mwingine, na zote ni ndefu. Zamani ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo kubeba kasiteriti na kuleta bidhaa. Kamio lililokufa haliwezi kungoja ndege. Katika hali kama hiyo, kuagiza piesi isiyohitajika ni hasara mara mbili: pesa zimekwenda, na ugonjwa umebaki.

Maswali ya mwenye gari

Kabla ya kutuma pesa ya pompi, mwenye gari ana haki ya kumuuliza fundi mambo matano. Je, maji yametolewa kwenye tangi na filtri imebadilishwa? Je, hewa imetolewa kwenye tuyo zote, na pompi ndogo ya kuleta mazutu inafanya kazi? Je, injekteri zimepimwa? Je, kalaji imepimwa, na namba iliyopatikana ni ngapi ukilinganisha na ya kiwanda? Je, risasi ya pompi bado ipo?

Fundi wa kweli hatakasirika. Anayejibu kwa namba anastahili kulipwa vizuri, hata kama hakuuza piesi yoyote.

Neno moja kwa makonvwayeri, maana wao ndio wanaoshika tuyo moteri ikiwa inazunguka. Usiweke mkono mbele ya injekteri inayopulizia. Mazutu ya bari 200 yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano. Maumivu yanakuja baadaye, na kidole au mkono unaweza kukatwa. Ikitokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba ni mazutu yaliyoingia kwa mgandamizo.

Hakuna ushauri hapa utakaotengeneza barabara wala kumaliza vita. Lakini kutoa maji kwenye tangi asubuhi na kujua namba ya kalaji ya moteri yako ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila mwenye kamio kati ya Sake na Walikale. Abiria aliye juu ya magunia hana njia ya kuyakagua. Anapopanda, anaamini kwamba dereva na mwenye gari wamekwisha kuyafanya.